Kupanga Kengele za Mita ya Mtiririko: Hesabu Ianzie kwa Mtu wa Zamu

Ukifungua menyu ya mita ya kisasa inayopima maji, mafuta au kemikali ndani ya bomba, utakuta ukurasa wa kengele wenye nafasi nne za kujaza: kikomo cha chini, cha chini kabisa, cha juu na cha juu kabisa. Chini yake kuna muda wa kusubiri, pengo la kurudi, na mkondo ambao mita itautoa siku ikiharibika. Mara nyingi nafasi hizo zina namba tayari. Ziliwekwa na mtengenezaji, ambaye hakujua mita itafungwa kwenye bomba gani, nchi gani, wala itapima nini. Mafundi wengi huziacha zilivyo, au hujaza asilimia 10 chini na asilimia 90 juu kwa mazoea, kisha wanahamia kwenye kazi nyingine. Mita inapima vizuri, mradi unakabidhiwa, na miezi kadhaa baadaye mtu wa zamu anaanza kuzima kengele bila kuitazama skrini.

Namba hizo nne hazipatikani katika kitabu cha mita. Zinapatikana kwa kuuliza maswali matatu kwa mpangilio: kengele ikilia saa nane usiku, nani ataisikia? Atafanya nini? Ana dakika ngapi kabla madhara hayajatokea? Kikomo, muda wa kusubiri na pengo la kurudi vyote vinahesabiwa kurudi nyuma kutoka kwenye majibu hayo. Kama hakuna la kufanya, basi isiwekwe kengele. Taarifa hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu ya mfumo, isomwe asubuhi.

Hivyo ndivyo viwango vya kimataifa vinavyosema. Mwongozo wa EEMUA 191 ulitoka Uingereza mwaka 1999, ISA-18.2 ya Marekani ikafuata mwaka 2009, na IEC 62682 mwaka 2014. Vyote vinaitambua kengele kama ishara ya hali isiyo ya kawaida inayomtaka mwendeshaji achukue hatua kwa wakati. Maneno mawili yanabeba uzito wote hapo: hatua, na wakati.

Viwango hivyo vilitanguliwa na ajali. Jumapili ya tarehe 24 Julai 1994, mvua ya radi ilivuruga mitambo ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales. Kwa saa tano hivi waendeshaji walihangaika kuurudisha mtambo katika hali yake. Wakati huo wote mafuta yaliendelea kusukumwa kuingia kwenye chombo kimoja ilhali vali ya kutolea ilikuwa imefunga, na skrini ikawaambia kwamba iko wazi. Tani 20 hivi za mafuta zilitoka zikalipuka, watu 26 wakajeruhiwa. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, HSE, ilipochunguza ilikuta kwamba katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko waendeshaji wawili walimiminiwa kengele 275. Hiyo ni kengele moja kila sekunde mbili na nusu hivi. Nyingi zilikuwa zimepewa daraja la juu la umuhimu, kwa hiyo hazikumwonyesha mtu aanzie wapi. Taarifa iliyokuwa na maana, kwamba yanayoingia hayatoki, haikuwa na ukurasa wake kwenye skrini.

Kutokana na uzoefu wa aina hiyo EEMUA ikapendekeza kwamba mwendeshaji mmoja, mtambo ukiwa umetulia, asipate zaidi ya kengele moja kwa kila dakika 10, yaani 144 kwa siku nzima. Zikizidi 10 ndani ya dakika 10, hayo ni mafuriko, na anayetazama skrini hawezi tena kuzishughulikia moja moja. Kituo chenye mita 30, kila moja ikiwa na vikomo vinne vilivyojazwa kwa mazoea, kimeshaweka kengele 120 zinazosubiri umeme uyumbe mara moja.

Tuingie kwenye hesabu yenyewe. Tuseme ni kituo cha kusukuma maji cha aina iliyopo katika miji mingi ya Tanzania na Kenya. Kuna pampu moja kazini na nyingine ya akiba. Bomba lina kipenyo cha milimita 300. Mtiririko wa kawaida ni mita za ujazo 400 kwa saa, na maji yanakwenda mita 1.6 kwa sekunde. Mita ya sumakuumeme imefungwa baada ya pampu, masafa yake ni 0 hadi 600, na inatuma mkondo wa miliampea 4 hadi 20 kwenye chumba cha udhibiti. Siku ya kawaida kipimo hucheza kati ya 385 na 415.

Anza chini. Pampu ikisukuma dhidi ya vali iliyofungwa, maji yaliyomo ndani yake yanazunguka hapo hapo na kupata joto, na sili inaharibika. Mtengenezaji wa pampu hutaja mtiririko wa chini inaoweza kuvumilia. Tuseme ni 120. Hapo ndipo kikomo cha chini kabisa, na kikomo hicho hakimwiti mtu. Kinaizima pampu chenyewe, kwa sababu hakuna mlinzi wala fundi atakayetoka ofisini akafika kwenye kitufe kabla sili haijaungua. Kengele inayolia pale inamwarifu mtu jambo ambalo tayari limefanyika.

Kikomo cha chini cha kawaida ni suala jingine, na ndicho kinachokosewa zaidi. Sababu ya kila siku ya mtiririko kushuka taratibu ni chujio la upande wa kuvutia kuziba majani na mchanga, hasa mvua zikianza na mto ukichafuka. Jambo hilo huchukua saa, si sekunde. Mwendeshaji ana kazi iliyo wazi: awashe pampu ya akiba, azime ya kwanza, asafishe chujio. Apewe nafasi. Ukiweka kikomo 150, umemwita akiwa karibu kabisa na pampu kuzimika. Ukiweka 380, utamwita kila siku bure. Kwa takwimu zetu, 320 inafaa. Iko mbali ya kutosha na 385, na kutoka hapo hadi 120 bado ana muda wa kufanya kazi yake bila kukimbia.

Upande wa juu mambo yanageuka. Bomba likipasuka huko mbele, shinikizo mbele ya pampu linapungua na mtiririko unapanda. Kikomo cha 460 kitaliona tundu kubwa. Hapa pengo la kurudi linaingia, yaani kiasi ambacho kipimo lazima kirudi ndani ndipo kengele inyamaze. Jedwali linalotumika sana katika fani hii linapendekeza asilimia 5 ya masafa kwa mtiririko, ambayo kwetu ni 30. Kengele ya 460 itanyamaza kipimo kikishuka hadi 430. Kwa kuwa kawaida yetu haipiti 415, kengele itanyamaza mara tu hali ikitengemaa. Sasa mtu akisema tuwe waangalifu zaidi, tuweke 420: kengele italia kipimo kikigusa 420 mara moja, halafu haitanyamaza mpaka kishuke hadi 390. Mtiririko unaweza kukaa 400 siku nzima, sawasawa kabisa, na kengele ikabaki nyekundu. Kengele iliyosimama namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana siku bomba likipasuka kweli hakuna kitakachobadilika kwenye skrini. Kanuni ya kushika ni kwamba kengele inyamaze nje ya mchezo wa kawaida wa kipimo. Usalama hauongezwi kwa kusogeza kikomo karibu na kawaida.

Ukiweka pengo la sifuri utapata ugonjwa wa upande wa pili. Kipimo kinacheza juu ya 460, chini ya 460, na kengele inawaka na kuzima mara kumi kwa dakika, kama mbwa anayembwekea kila mpita njia. Mita moja ya namna hiyo inaweza kujaza nusu ya orodha ya kengele za kituo kizima.

Muda wa kusubiri unatibu tatizo linalofanana, lakini una gharama yake. Jedwali lile lile linapendekeza kuanzia sekunde 15 kwa mtiririko na 60 kwa kina cha tangi. Ni mahali pa kuanzia tu. Ndani ya mita kuna mpangilio mwingine unaosahauliwa: ulainishaji wa kipimo. Fundi akiona namba zinarukaruka kwenye kioo anaongeza muda wa kulainisha, namba zinatulia, kila mtu anafurahi. Mita iliyolainishwa kwa sekunde 20 hufikia asilimia 63 tu ya badiliko baada ya sekunde hizo 20, na asilimia 95 baada ya dakika nzima. Tufunge vali ghafla, mtiririko uwe sifuri kutoka 400. Mita yetu itachukua sekunde 24 kushuka hadi 120. Ongeza sekunde 15 za kusubiri: pampu itazimwa baada ya sekunde 39. Kama sili inavumilia dakika, tuko salama. Kama mtu mwingine baadaye akipandisha ulainishaji hadi sekunde 60 ili grafu ipendeze, muda unafika sekunde 87, na hakuna aliyegusa ukurasa wa kengele. Ndiyo maana nasisitiza ulainishaji uandikwe pamoja na vikomo, kwenye ukurasa mmoja, kama sehemu ya kengele.

Turudi kwenye tundu la bomba, maana hapa wengi hujidanganya. Kengele yetu ya 460 inaona upotevu unaozidi mita za ujazo 60 kwa saa juu ya kawaida, yaani lita 1,000 kwa dakika. Tundu linalomwaga 40 kwa saa halitaonekana, na kwa siku linapoteza mita za ujazo 960. Kikomo kimoja juu ya mita moja hakikuundwa kugundua uvujaji. Kazi hiyo inahitaji mita mbili, moja mwanzo wa bomba na nyingine mwisho, na kengele ya tofauti kati yao. Kila mita ikiwa na kosa la nusu asilimia, ni mita za ujazo 2 kwa saa kila upande, na tofauti yao itatikisika kwa karibu 3. Kengele ya tofauti iliyowekwa kwenye 12, ikisubiri dakika 30 ili mabadiliko ya shinikizo yapite, inawezekana kabisa. Inaona tundu ambalo kikomo cha juu kisingeliona mwaka mzima.

Ukubwa wa jambo unaonekana zaidi kwenye mabomba makuu. Mtambo wa Ruvu Chini unaolisha Dar es Salaam una uwezo wa kuzalisha mita za ujazo 270,000 kwa siku. Asilimia 1 ya hizo ni 2,700 kila siku, na asilimia 1 hujificha kwa urahisi ndani ya kengele iliyopangwa ovyo. Mamlaka za maji zinapozungumzia maji yanayopotea, mazungumzo huwa juu ya mabomba chakavu na wizi. Mpangilio wa mita haupewi nafasi, ingawa ndio unaoamua kama tundu litagunduliwa leo au litasubiri jirani apige simu.

Kusubiri jirani apige simu si mfano wa kubuni. Jioni ya tarehe 25 Julai 2010 bomba la mafuta ghafi la kampuni ya Enbridge lilipasuka karibu na mji wa Marshall, jimbo la Michigan, Marekani, wakati linazimwa kwa ratiba. Kampuni ilikuwa na mfumo wa kulinganisha mafuta yanayoingia na yanayotoka, na mfumo ule ulitoa kengele. Chumba cha udhibiti kilikuwa Edmonton, Kanada, mbali sana na bomba. Waliokuwa zamu waliamini kengele zinatokana na mafuta kuachana ndani ya bomba na kuacha uwazi, hali inayoweza kutokea bomba likizimwa kwenye ardhi yenye mabonde. Wakawasha pampu tena, mara mbili. Uvujaji ulidumu zaidi ya saa 17, hadi mfanyakazi wa kampuni ya gesi ya eneo hilo alipopiga simu kusema ameona mafuta kijitoni. Takriban lita milioni 3.2 zilimwagika na kufika Mto Kalamazoo. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilipiga hesabu kwamba asilimia 81 ya mafuta hayo yalimwagika baada ya pampu kuwashwa tena.

Yaliyotokea Marshall yasomwe taratibu na kila anayepanga kengele. Kengele zililia, kwa hiyo huwezi kulaumu kikomo peke yake. Kilichokosekana ni jibu la swali la pili: atafanya nini? Kampuni ilikuwa na kanuni ya kuzima ndani ya dakika 10 kama hali haielezeki, na kanuni hiyo ikapitwa. Kengele ilikuwa na maelezo mawili yanayowezekana, moja lenye madhara makubwa na jingine lisilo na neno, na watu wa zamu waliruhusiwa kuchagua la pili bila kulithibitisha. Kengele ya uvujaji inapaswa kuja na maandishi yake: zima, funga vali, tuma mtu akaone, usiwashe mpaka fulani mwenye cheo hiki aseme. Bomba la EACOP la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limekusudiwa kubeba mafuta mazito yanayopaswa kupashwa moto njia nzima. Huko hata mtiririko kushuka tu ni habari, kwa kuwa mafuta yakikaa yanapoa na kuganda. Umbali kati ya skrini na bomba ni mkubwa, na anayepanga kengele zake anapaswa kuujaza umbali huo kwa maagizo yaliyoandikwa mapema.

Kuna kengele ambazo mita inazitoa kuhusu afya yake yenyewe, na hizi zinahitaji akili ya namna nyingine. Mita ya sumakuumeme inatumia kanuni ya Faraday: kimiminika kinachopitisha umeme kikipita kwenye uga wa sumaku huzalisha volteji ndogo sana, na volteji hiyo hulingana na mwendo. Faraday mwenyewe alijaribu kuipima kwenye Mto Thames mwaka 1832, kwenye daraja la Waterloo. Bomba likiwa tupu, vihisi vinabaki kwenye hewa na mita inaweza kuonyesha namba yoyote, hata mtiririko mkubwa pasipo tone la maji. Kwa hiyo watengenezaji wameweka ugunduzi wa bomba tupu, na unapaswa kurekebishwa bomba likiwa limejaa maji yale yale yatakayopimwa.

Kwetu hili si jambo la nadra. Penye mgao wa maji, bomba la mtaa hukauka kwa ratiba. Kengele ya bomba tupu italia kila siku ya mgao, na baada ya wiki mbili hakuna anayeisikiliza. Kuizima kabisa si dawa, kwa sababu bomba likikauka siku ambayo si ya mgao, hiyo ndiyo habari tunayoitaka. Kinachotakiwa ni kengele inayojua hali: kama vali ya mtaa imefungwa kwa ratiba, bomba tupu ni kawaida. Kama vali iko wazi na pampu inazunguka, bomba tupu ni dharura. Mifumo mingi ya SCADA, yaani ya kusimamia na kudhibiti mitambo kwa mbali, inaweza kufanya hivi kwa mistari michache ya mantiki. Ni kazi ya mchana mmoja, na haifanywi kwa sababu haimo kwenye mkataba.

Kuna pia kizingiti cha mtiririko mdogo, ambacho chini yake mita huonyesha sifuri ili isihesabu mtikisiko wa maji yaliyosimama. Asilimia 2 ya masafa yetu ni 12 kwa saa. Ni namba ndogo, lakini kwa siku ni mita za ujazo 288, na usiku, wateja wakiwa wamelala, uvujaji wa mtaa mzima unaweza kukaa chini yake. Mita itasema sifuri na kengele itakuwa kimya. Anayetaka kupima mtiririko wa usiku lazima ashushe kizingiti hicho kwanza.

Mkondo wa hitilafu nao unastahili subira. Jumuiya ya NAMUR ya Ujerumani iliweka utaratibu unaofuatwa na watengenezaji wengi: kipimo halali kinakaa kati ya miliampea 3.8 na 20.5, na mita iliyoharibika inapaswa kutoa 3.6 au chini yake, ama 21 au zaidi. Anayeifunga ndiye anayechagua upande. Chukua kituo kinachotia klorini kulingana na mtiririko, miligramu 2 kwa lita. Kwa 400 kwa saa, ni gramu 800 kwa saa. Mita ikiharibika na kutoa miliampea 21, mfumo usioelewa utasoma mtiririko wa karibu 640 na kutia gramu 1,275. Maji yatakuwa na miligramu 3.2 kwa lita: chini ya 5 ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kama ukomo, lakini ladha itawafanya watu wayakimbie wachote kisimani. Ikitoa 3.6 na mfumo ukadhani ni sifuri, klorini inasimama na maji yanaendelea kwenda mjini bila dawa. Hilo ni baya zaidi, na katika miji inayojua kipindupindu halihitaji maelezo.

Uamuzi wangu kwa kituo kama hiki ni 3.6, kwa sababu waya ukikatika mkondo nao hushuka, hivyo hitilafu zote mbili zinaangukia upande mmoja. Lakini sharti ni kwamba mfumo unaopokea uambiwe: 3.6 na chochote chini yake si sifuri, ni mita imekufa. Hapo klorini iendelee kwa kiwango cha mwisho kilichojulikana kwa dakika chache, kengele ya daraja la juu ilie, na mtu ahamie kwenye udhibiti wa mkono. Kuna wakati wengine huchagua mita ishikilie kipimo cha mwisho. Siipendi njia hiyo popote penye kemikali. Pampu inaweza kuwa imezimika, mita inasema 400, na dawa inamiminwa kwenye maji yaliyosimama.

Kipimo kilichoganda ndicho kilicholeta maafa ya Buncefield, kaskazini mwa London, alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005. Kipimo cha kina cha tangi la petroli kilikwama. Petroli ikaendelea kuingia, kengele zilizotegemea kina hicho hazikulia, swichi huru ya juu nayo haikufanya kazi, tangi likafurika na bohari ikalipuka. Watu 43 walijeruhiwa. Mtiririko halisi hautulii kabisa kamwe. Hucheza hata kidogo. Kengele inayouliza kwa nini namba haijabadilika kwa dakika 10 huku pampu inafanya kazi ni rahisi kuandika, na ni wachache wanaoiandika.

Makosa ya vizio yanaumiza kimya kimya. Mita za ujazo 400 kwa saa ni lita 111 kwa sekunde. Mtu akibadilisha kizio cha mita kuwa lita kwa sekunde na kikomo cha 120 kikabaki 120, kikomo cha chini kabisa kimekuwa juu ya mtiririko wa kawaida, na pampu haitawaka. Hilo afadhali, maana linaonekana siku hiyo hiyo. Baya ni lile lisiloonekana: vikomo vilivyohifadhiwa kama asilimia ya masafa. Masafa yakipanuliwa kutoka 600 hadi 800, asilimia 20 iliyokuwa 120 inakuwa 160, na 460 ya juu inakuwa zaidi ya 610. Pampu ikifikia mwisho wa uwezo wake haiwezi kufika huko. Kengele ya kupasuka bomba imefutwa bila mtu kuifuta.

Aina ya mita nayo ina sauti. Mita ya sahani yenye tundu hupima tofauti ya shinikizo, na mtiririko ukiwa asilimia 30 ya masafa tofauti hiyo ni asilimia 9 tu. Ukifika asilimia 10 imebaki asilimia 1, kwa hiyo kengele ya chini huko ni bahati nasibu. Mita ya vimbunga huacha kupima kabisa chini ya mwendo fulani na kuonyesha sifuri ghafla. Mita ya Coriolis, ghali kuliko hizo, husema pia msongamano wa kimiminika na huonyesha mapovu yakiingia, kwa hiyo inaweza kukupa kengele ambayo nyingine haziwezi.

Kengele zikae wapi, ndani ya mita au kwenye SCADA? Zikiwekwa kote kuwili, tukio moja linalia mara mbili kwa namba mbili tofauti. Naona vikomo vya mchakato vikae kwenye mfumo wa udhibiti, ambako vinaonekana na kubadilishwa kwa kumbukumbu, na mita ibaki na taarifa za afya yake. Taarifa hizo NAMUR imezigawa makundi manne: hitilafu, mita iko kwenye ukaguzi, iko nje ya vigezo, na inahitaji matengenezo. La kwanza tu ndilo la kumwamsha mtu wa zamu. La mwisho liende karakana. Kisima cha pembezoni kisicho na SCADA ni habari nyingine. Huko relei ya ndani ya mita hubeba kila kitu, na inapaswa kufungwa ili ishike wakati hali ni njema na iachie kengele inapotokea, ili waya uliokatika au umeme uliopotea navyo vitoe kengele.

Baada ya yote hayo, kengele ijaribiwe kwa vitendo. Kuiambia mita itoe mkondo wa uongo kunajaribu waya na skrini, hakujaribu kihisi wala muda. Fungeni vali taratibu mbele ya mtu wa zamu, mmoja akiwa na saa mkononi, mwingine kwenye kitufe cha dharura, mkihesabu kuanzia vali ilipofunga hadi pampu ilipozima. Andikeni sekunde hizo kwenye rejesta ya kengele, kando ya zile 39 zilizopigiwa hesabu mezani. Jaribio la mwaka unaofuata likitoa 70, fundi aanze kwa kutazama muda wa kulainisha na tarehe uliobadilishwa, kabla hajagusa kikomo chochote.